Dukani au yadi ya mbao? Pa kununua vifaa vya kutengenezea nyumba, Unguja na Pemba

Nyumba ya mama yangu iko Fuoni. Ilijengwa kidogo kidogo, kama zinavyojengwa nyumba zetu nyingi: vyumba viwili kwanza, baraza baadaye, jiko la nje mwisho. Baada ya masika dari ya chumba chake ilianza kuning'inia, na ubao wa ukingo wa paa, ule unaokabili upepo wa kusi, ukawa unamenyeka kwa kidole. Ndugu zangu wote wako mbali, kazi ikaniangukia mimi. Fundi akaniandikia karatasi yenye mistari ishirini na kitu, kuanzia misumari mpaka mbao za mbili kwa nne, na kila niliyemuonesha alinitupia suala moja: unanunua dukani au yadi?

Duka ni lile la vifaa vya ujenzi tunalolijua sote: kaunta, rafu za rangi na vitasa, mabomba yamesimamishwa pembeni, saruji imepangwa mlangoni. Siku hizi yapo na makubwa ambayo mtu huzunguka mwenyewe akachagua. Yadi ni banda la mbao: mbao zimeegemezwa ukutani au zimelazwa mafungu, mashine ya kupasua na kuranda inanguruma nyuma, vumbi limejaa mpaka kwenye kikombe cha kahawa cha mwenyewe. Nilikwenda na kurudi baina ya pande hizo mbili karibu miezi mitatu. Nilipoteza pesa mara moja, nikajifunza, na sasa nikipewa karatasi ya fundi najua kila mstari unakwenda upande gani.

Tofauti iliyonisaidia kuliko bei ni hii. Duka huuza vitu vinavyofanana. Mfuko wa saruji wa kilo 50 uliohifadhiwa vizuri ni sawa na mwenzake. Kilo ya misumari ya inchi nne ni sawa na kilo nyengine. Kitasa, bawaba, swichi, bomba la nusu inchi, ndoo ya rangi ya lita 20, vyote vimetoka kiwandani, kipimo kimeandikwa juu yake, na kimoja kikiwa na kasoro unakirudisha ukapewa chengine.

Mbao hazifanani. Miti miwili iliyoota shamba moja, ikapasuliwa siku moja kwa msumeno mmoja, hutoa mbao zenye tabia mbali mbali. Moja imenyooka. Ya pili ina fundo kubwa katikati na itavunjika hapo hapo. Ya tatu imejikunja kwa sababu ilitoka kwenye kiini cha mti mchanga, ya nne ina vitundu vidogo kama vya sindano na unga chini yake, maana wadudu wameshaanza kuibungua. Kitu cha namna hiyo hakinunuliwi kwa kutaja idadi mbele ya kaunta. Unakiinua, unakitazama kwa urefu wake, unakiweka ulipokikuta ukachukua chengine.

Yapo maduka yanayouza mbao pia, huwa wameziweka uani. Nimejaribu. Kijana alikwenda nyuma akarudi na mbao nilizotaja, idadi sawasawa, na nilipotaka kupekua mwenyewe akanitazama kama mtu niliyemtuhumu. Yadi kupekua ni ada. Mzee mmoja muuza mbao aliponiona nimesimama naona haya aliniambia, "Chagua mwanangu, hizo utazilalia chini yake wewe." Basi nikachagua, saa nzima, na hakuna aliyenikaripia.

Mbili kwa nne ni jina

Hapa ndipo nilipopoteza pesa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nilipoanza kuulizia mbao za kenchi ya baraza, yadi ya tatu ilinipa bei ya chini kuliko mbili nilizopita kabla. Nikafurahi, nikalipa, nikapakia. Fundi alipoishika moja tu akasema, "Hizi zimekonda." Tukatoa futi. Mbao iliyoitwa mbili kwa nne ilikuwa inchi moja na robo tatu kwa inchi tatu na nusu.

Inaonekana ni tofauti ndogo, mpaka uifanyie hesabu. Mbili kwa nne kamili ina inchi 8 za mraba kwenye kichwa chake. Ile niliyonunua ilikuwa na 6 na kidogo, yaani karibu robo ya mbao nililipia na sikuipata. Na hiyo ndiyo nafuu ya hasara. Mbao iliyolazwa juu ya nafasi ikabebeshwa mzigo hukaza kwa kimo chake kikizidishwa chenyewe mara tatu, kisha kwa upana wake. Nne mara nne mara nne mara mbili ni 128. Tatu na nusu mara tatu na nusu mara tatu na nusu, kisha mara moja na robo tatu, ni 75. Mbao ile ilikuwa na uwezo wa kukataa kupinda usiofikia hata thuluthi mbili za mbao kamili. Bati likipigwa juu yake paa litaonekana sawa siku ya kwanza, na baada ya masika mawili litakuwa limebonyea.

Sikumlaumu muuzaji kwa kunidanganya, maana msumeno hula, na randa hula tena. Mbao ikipasuliwa inchi nne na kurandwa pande zote haibaki nne. Marekani jambo hili wamelifanya kanuni: mbili kwa nne ya madukani kwao ni milimita 38 kwa 89, inchi moja na nusu kwa tatu na nusu, na kila fundi hupiga hesabu zake kwa kipimo hicho. Huko mtu anaweza kulinganisha bei za maduka mawili kwa simu. Kwetu kipimo hutegemea yadi, na ndani ya yadi moja hutegemea mzigo ulioingia wiki hiyo. Kwa hiyo bei ya mbao ya yadi moja na ya nyengine hazilinganiki mpaka uwe umepima zote mbili kwa futi yako mwenyewe. Nenda nayo mfukoni. Pima upana, pima kimo, pima mwanzo na mwisho wa mbao, maana iliyopasuliwa kwa msumeno wa mkono huanza nene ikamalizikia nyembamba. Pima na urefu. Futi 12 zenye nyufa vichwani zitakatwa, na huenda ukabaki na kumi na moja na nusu.

Vitu vya duka havina taabu hiyo, isipokuwa viwili. Plaiwudi iliyoandikwa milimita 18 ipimwe unene, na utazame ubavuni kama tabaka zake zimeshikana au zina mapengo. Na mabati: namba ya geji, yaani ya unene wa bati, huenda kinyume na akili ya mtu. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Muuzaji akikwambia "hii ni 32, kubwa zaidi," ukubwa huo ni wa namba tu.

Hesabu kabla ya kutoka nyumbani

Karatasi ya fundi ilisema mbao 15 za mbili kwa mbili, futi 12, kwa dari ya chumba cha mama. Chumba kina futi 12 kwa 10. Nikakaa na kalamu usiku mmoja.

Bodi ya jipsamu ni futi 8 kwa 4, na fremu yake tuliamua iwe ya miraba ya futi mbili mbili. Mbao ndefu zinazokatiza upande wa futi 10 ni saba, moja kila baada ya futi mbili. Kila moja hukatwa kutoka mbao ya futi 12, na hubaki kipande cha futi mbili. Baina ya hizo saba kuna nafasi sita, na kila nafasi inataka vipande sita vya kuunganisha, jumla 36. Kipande kimoja ni inchi 22, kwa sababu mbao zenyewe zimekula inchi mbili. Mabaki saba yanatoa vipande saba. Vinabaki 29, na mbao moja ya futi 12 inatoa sita, kwa hiyo mbao tano. Saba na tano ni 12.

Nilimuonesha fundi, akapitia, akasema hesabu ni sawa ila tuongeze moja ya ajali. Tukanunua 13. Bodi zikatosha nne: tatu kwa futi nane za mwanzo, na ya nne ikapasuliwa katikati kufunika futi mbili zilizobaki.

Hesabu hii ina maana kubwa zaidi yadi kuliko dukani, kwa sababu dukani bodi ikizidi na haijaguswa wengi watakubali kuirudisha ukiwa na risiti. Mbao ikishatoka yadi hairudi. Mwenye yadi hajui umeilaza wapi, mvua imeipiga au haikuipiga, na siwezi kumlaumu.

Mbao gani, na imekauka?

Mbao ya ujenzi utakayokutana nayo sana ni msindano, wengine huita paini. Hutoka bara, Nyanda za Juu Kusini, kwenye mashamba ya miti ya Mufindi na Njombe. Sao Hill, lililo Mufindi, ndilo shamba la miti la Serikali lililo kubwa kuliko yote Tanzania. Zikishuka kwa lori hadi pwani huvuka kwa chombo. Msindano ni mwepesi, hunyooka, hupigika misumari, na mchwa huupenda mno. Kwa hali ya hewa yetu, joto na unyevu mwaka mzima, msindano usio na dawa juu ya paa ni chakula.

Ndiyo maana utaulizwa: ya dawa au ya kawaida? Mbao ya dawa ina rangi ya kijani hafifu, kwa sababu dawa inayotumika sana ina shaba ndani yake, pamoja na kromu na aseniki. Inatiwa kwa mtambo unaoisukuma dawa ndani kwa nguvu. Lakini rangi ya kijani peke yake si ushahidi, maana mbao iliyochovywa tu au iliyopakwa kwa brashi nayo ni kijani. Omba ikatwe kichwa, inchi chache. Kijani kikiwa kimeingia ndani sana, hiyo imetiwa dawa. Kikiwa ni ganda la juu na ndani kweupe, umeuziwa rangi. Yadi nzuri haitakataa kukukatia, na hii ni sababu nyengine ya kununua mbao mahali penye msumeno.

Nawaomba sana akina mama na kila anayepikia kuni: mabaki ya mbao za dawa yasitiwe jikoni. Aseniki ni sumu, na haiungui ikaisha, hutoka na moshi na kubaki kwenye jivu. Usifanyie kibao cha kukatia samaki, wala tundu la kuku. Mafundi wengi huviacha vipande uani kama zawadi, kwa nia njema kabisa, na watu huviokota.

Kwa milango na madirisha, mambo ni mengine. Mninga na mkongo kutoka bara ni mbao nzito, hustahimili wadudu kwa maumbile yake, na bei yake iko juu. Mvule na msaji ndizo zilizopamba milango ya mjini. Usiusahau mfenesi wetu. Mbao yake ya manjano ikikaa huiva ikawa ya kahawia, na imefanya milango Unguja tokea zamani. Mwenye mfenesi mkubwa shamba huweza kuupasua, ila kibali cha kukata mti kinahitajika, na hilo liko katika sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996. Yadi hazina mfenesi kila siku. Mwambie mwenye yadi akuwekee ukiingia, atakupigia simu.

Baada ya aina ya mti linakuja suala ambalo karibu hakuna anayeuliza: imekauka? Mbao mbichi ni nzito kuliko inavyoonekana na ni baridi ukiiweka shavuni. Ukipiga msumari utaona unyevu unatokeza pembeni mwake. Ukiifanya mlango leo, mwezi wa kaskazi na jua kali itasinyaa, viungo vitaachia na mlango utapinda. Mbao nyingi za yadi ziko nje, na zikija wakati wa masika ni kama zimeoga. Hapa duka lina ushindi wake: zile chache lilizonazo mara nyingi zimekaa chini ya paa muda mrefu. Lakini kukausha unaweza mwenyewe. Sisi tulizilaza barazani kwa mama, kivulini, fito nyembamba baina ya safu na safu ili upepo upite, mawe mazito juu zisipinde, wiki sita. Mama alilalamika amekosa pa kukaa na wageni wake. Nilimuomba radhi, na mbao zikakaa.

Kinachokwenda dukani bila ya mjadala

Misumari, skrubu, bawaba, vitasa, rangi, mabomba, umeme, saruji. Yadi nyengine nazo huuza misumari, kwa kukusaidia usirudi mjini, lakini tazama ni ipi. Mbao ya dawa ina shaba, na shaba huula msumari wa kawaida. Ongeza chumvi ya hewa yetu. Nunua iliyopakwa zinki, hata kwenye nyumba iliyo mbali na pwani. Fuoni haioni bahari, na misumari niliyoitoa kwenye ubao wa zamani ilikuwa imebaki nyembamba kama sindano.

Saruji itazame kwa mkono: bonyeza pembe za mfuko, zikiwa ngumu kama jiwe imeshavuta unyevu. Wakati wa masika nunua ile ya siku chache, na uone kama dukani imewekwa juu ya mbao au sakafuni. Kuna ya nguvu ya 32.5 na ya 42.5. Ya kwanza yatosha kwa lipu na matofali, ya pili ni kwa nguzo, mikanda na zege la kubeba. Dukani watakuuliza unajengea nini, ukiwajibu watakupa ya sawa. Mchanga hununui huku wala kule, una mlolongo wake wa Serikali. Usikubali wa pwani hata kwa bure, chumvi yake huila nondo ndani ya zege.

Milango iliyo tayari ya dukani nilitaka kuinunua, nikaghairi. Huja kwa sentimita, na nyumba zetu zimejengwa kwa futi. Uwazi wa mlango kwa mama ulikuwa futi 7 kwenda juu, sentimita 213, na mlango ulikuwa wa 210. Sentimita tatu hizo fundi angezijaza kwa ubao na ingeonekana daima. Jambo la pili, mingi ni ya unga wa mbao uliogandishwa, na mlango wa choo wa namna hiyo ukirushiwa maji kila siku huvimba chini. Chumba cha kulala kilicho kikavu, sawa. Chooni weka mbao ya kweli, au alumini.

Fundi, gari na siku

Wengi humwachia fundi anunue peke yake, kisha wakalalamika juu ya cha juu. Baadhi ya wauzaji, dukani na yadi, humuongezea fundi kidogo kwa kila mzigo, na bei yako hupanda kwa kiasi hicho. Mimi nilimwambia fundi wetu mapema: siku ya kununua ni siku ya kazi, nitakulipa kama siku nyengine, twende pamoja, wewe utazame mbao na mimi nilipe. Alikubali kwa moyo mweupe, na jicho lake lilinifaa kuliko futi yangu. Yadi hasa usiende bila ya mtu anayezijua mbao. Dukani waweza kwenda peke yako na karatasi.

Bei ya yadi hupatanwa, na hushuka ukichukua nyingi kwa mara moja. Dukani hushuka kidogo au haishuki, lakini utatoka na risiti ya kielektroniki, na kila kitu kimetajwa jina. Yadi iombe risiti pia, iandikwe vipimo ulivyopima, si "mbao 20" tu.

Usafiri nusura uile faida yangu yote mara ya kwanza. Gari ndogo ya mzigo inabeba vitu vya dukani bila ya shida. Mbao za futi 18 zinataka gari ndefu, au gari ya ng'ombe kama si mbali, na hiyo bado ipo na huenda taratibu bila ya kuvunja kitu. Bodi za jipsamu zisilazwe chini ya mbao, nimeona moja ikikatika vipande viwili kwa tuta la barabarani. Ijumaa usianze safari ya kununua saa tano, maana wakati wa sala pande zote mbili hufungwa. Mwezi wa Ramadhani nenda asubuhi.

Nyumba ya Mji Mkongwe

Kwa nyumba za Mji Mkongwe ulinganisho huu hauendi mbali, na ingekuwa kosa kutosema. Sehemu ile imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tokea mwaka 2000, na kabla ya kugusa kitu unapita kwanza kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba. Boriti nyingi zilikuwa zikiletwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji. Sasa kukata mikoko kumewekewa mipaka, na boriti nzuri haipatikani kwa kuingia yadi ya kwanza uliyoiona.

Kuta ni za mawe na chokaa. Saruji na rangi ya plastiki kutoka dukani huziziba pumzi: unyevu unaopanda kutoka chini hukosa njia ya kutoka, chumvi hujikusanya ndani, na lipu huporomoka vipande vipande pamoja na uso wa ukuta. Watu hupaka saruji kwa kutaka kuimarisha, na nyumba iliyosimama zaidi ya miaka mia huanza kuoza. Hapo unatafuta chokaa iliyochomwa na kuroweshwa, na fundi aliyejifunza kwa wazee.

Kwa walioko Pemba

Mantiki ni ile ile, muda ndio tofauti. Mzigo huingia Wete na Mkoani, mwengine kutoka Tanga moja kwa moja, mwengine kupitia Unguja. Kusi likikaza mambo husimama, na yadi hubaki na zile mbao ambazo wenzako walizikataa. Ukiwa na kazi ya paa agiza mapema, kabla ya upepo. Vitu vya dukani vya kawaida Chake Chake vipo. Kama kuna kitu cha pekee, kitasa cha namna fulani au rangi ya kuchanganywa, ni rahisi kuagiza kwa mtu anayepanda boti kuliko kuagiza mbao usiyoiona. Mbao uliyochaguliwa na mwengine Unguja ikafika Mkoani imepinda, huna wa kumrejeshea.

Karatasi yetu iliishia hivi. Yadi: mbili kwa nne za kenchi, mara hii kamili na za dawa, kutoka kwa yule mzee, mbili kwa mbili 13, ubao wa ukingo wa paa, na mninga wa milango miwili. Mistari minne tu kati ya ishirini na kitu, ila ndiyo iliyokula sehemu kubwa ya pesa na karibu muda wangu wote. Duka: yote yaliyobaki, kwa safari moja ya asubuhi. Zile mbao zilizokonda hazikurudishwa. Fundi alizipangia kazi isiyobeba uzito, zikawa rafu za stoo ya mama, na sasa zimebeba makopo yake ya achari.